Nusu ya Mkamburi

Mwanamke mmoja alikuwa na mbegu ya maharage iliyotegemewa na kijiji kizima. Jina lake Mkamburi. Mbegu hiyo aliirithi kwa mama mkwe wake, naye mama mkwe aliirithi kwa wa kwake: punje fupi, nene, nyekundu iliyofifia, yenye mstari mweupe tumboni. Ilivumilia baridi ya milimani, na jikoni iliiva upesi. Kila mwaka mvua za vuli zilipokaribia, wanawake, ambao mavuno yao walikuwa wameyala yote, walipanda njia ya kwenda kwake na vikapu vyao. Aliwapimia kwa kikombe cha bati, bila kudai chochote, akimuuliza kila mmoja habari za watoto na za mgonjwa aliyelala nyumbani. Hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni mkubwa. Hawakuhitaji kumwambia. Siku zile mbili tatu za vikapu zilimtosha mwaka mzima.

Shamba lake lilikuwa safi kama ua uliofagiwa. Akishapalilia ndani, alipalilia na ukingoni, magugu akayakusanya na kuyachoma. Adui yake mkubwa alikuwa vidukari, wale wadudu wadogo weusi, laini, wanaojibanza kwenye ncha changa za maharage na kuzifyonza mpaka zinakunjamana. Alipambana nao kwa majivu. Majivu yakishindwa, alinunua dawa dukani akainyunyiza kwa bomba la mgongoni. Mwaka mmoja alishinda yeye, mwaka mwingine walishinda wao, lakini hata mwaka wa kushindwa mbegu ya kugawa haikukosekana.

Chini ya shamba lake palikuwa na shamba jingine, lililolala miaka mingi tangu mwenyewe afariki. Mjukuu wa marehemu aliporudi kulifyeka, alikuja na mke kijana aitwaye Saru. Saru alipanda kwa Mkamburi kuomba mbegu kama wengine, akapimiwa kama wengine, akapokea kwa mikono miwili huku amepiga goti. Mkamburi alimpenda siku ile. Alimpenda kwa sababu hakuwa na kitu.

Lakini Saru alilima kwa namna yake. Kuzunguka shamba aliacha utepe wa majani na maua ya porini, upana wake hatua mbili. Dania aliyoipanda kwa ajili ya mboga hakuing'oa. Aliiacha ikarefuka, ikachanua maua meupe, ikazeeka palepale. Dawa hakununua. Mkamburi aliwaambia wanawake wenzake kwamba yule mtoto wa watu ni mvivu, kwao hawakumfunza kulima. Walicheka. Juma lililofuata aliwaambia tena, na safari hii walicheka kidogo tu.

Maana maharage ya Saru yalisimama. Msimu wa kwanza watu walisema ni ardhi iliyopumzika. Msimu wa pili walinyamaza na kuangalia. Majani yalikuwa mapana, ncha zimenyooka, na juu yake walitembea wadudu wadogo wa mviringo, wekundu, wenye madoa meusi mgongoni, wanaong'aa kama shanga. Misimu hiyohiyo miwili Mkamburi naye hakusumbuliwa sana na vidukari. Aliliona hilo, na alijiambia kwamba mkono wake umezidi kukomaa. Mara mojamoja alimkuta mdudu mwekundu kwenye mkono wa gauni lake, akampangusa bila kumtazama.

Ikaja vuli ya tatu. Mkamburi alitoa kigoda chake mlangoni asubuhi, gunia la mbegu ubavuni, akakaa. Wanawake walikuja, ila si kwa wingi aliouzoea. Kabla ya adhuhuri alimwona Wakesho, rafiki yake wa tangu usichana, akipanda njia na kikapu. Alianza kuandaa maneno ya kumwambia. Wakesho alipofika kwenye shamba la chini, alisimama, akaongea na kucheka na mtu asiyeonekana nyuma ya dania iliyochanua, kisha akaingia. Alipotoka, kikapu kilikuwa kimening'inia kwa uzito. Akashuka zake.

Mkamburi hakuinuka. Alikaa na kikombe mapajani mpaka bati likapata joto la mikono yake. Ilikuwa mbegu yake mwenyewe aliyoibeba Wakesho, imepita tu kwenye mikono ya mtu mwingine. Angeweza kufurahi kwamba imezaa na kuenea. Wazo hilo lilimjia kweli, akaliona, akalipisha lipite. Lililobaki lilikuwa ni ule uso wa Wakesho akicheka na Saru.

Tangu siku ile macho yake hayakutoka kwenye shamba la chini. Alikuwa akipalilia lake akitazama la mwenziwe. Alijua Saru anaamka saa ngapi, anavaa kanga gani, anainama mara ngapi kabla ya jua kuchomoza vizuri. Kila asubuhi Saru alipita mstari kwa mstari, akigeuza majani kwa vidole viwili, akiyatazama kwa chini, na mara nyingine akitabasamu peke yake. Tabasamu lile lilimuuma Mkamburi kuliko maharage yenyewe. Chakula kilimshinda. Mumewe alimuuliza kama anaumwa, akamjibu kwamba ni kichwa tu.

Siku moja Saru alikwenda kuchota maji, na Mkamburi akashuka. Alivuka ule utepe wa maua, akainama kama alivyoona mwenzake akiinama, akageuza jani. Alichokiona kilimfanya arudishe mkono. Chini ya jani palitambaa mabuu meusi, marefu kidogo, yenye miiba mgongoni na madoa ya rangi ya chungwa, sura mbaya kabisa. Aligeuza jani jingine, akayakuta. La tatu, yamo. Shamba zima la Saru lilikuwa limejaa mabuu.

Furaha ilimshika. Alirudi kwake akajaribu kufanya kazi, asiweze. Jioni haijafika alikuwa ameshapita nyumba sita. Kwa kila mlango alisema kwa sauti ya huruma kwamba hapendi kusema vibaya, ila mbegu ile waliyochukua kwa Saru wasiiamini hata kama imeshaota, maana shamba lake lina ugonjwa anaouficha.

Kesho yake wanawake walikwenda kuona, naye Mkamburi mbele yao. Saru aliwakaribisha. Aliposikia walichokuja kukitazama hakukasirika. Alikata ncha ya haragwe iliyojaa vidukari, akachukua buu moja kwa ncha ya kidole, akaliweka juu yake. Wakasubiri. Buu lilitembea hatua chache, likamshika kidukari wa kwanza, likamla. Likamshika wa pili. Saru akawaeleza kwamba hao ndio watoto wa wale wekundu, kwamba wekundu hutaga mayai ya manjano chini ya majani, na kwamba mtoto huyu mwenye sura mbaya hula vidukari wengi kuliko mama yake. Yale maua ya pembeni na ile dania, alisema, ni kwa ajili yao: wapate pa kunywa na pa kujificha vidukari wanapokuwa haba. Mama yake ndiye aliyemfundisha.

Wanawake walicheka kwa mshangao, wakaombana kupisha ili kila mmoja aone. Mkamburi naye alicheka.

Wakati wa kuondoka, Saru alimfuata njiani, akamwambia kwa upole kwamba akipenda atakuja kumsaidia kupanda maua ukingoni mwa shamba lake. Alimwita mama. Mkamburi alimshukuru, akasema ataona. Alipofika nyumbani aliketi kitandani mchana mweupe, na jambo alilolirudia moyoni lilikuwa hili: kwamba msichana aliyempigia goti sasa anataka kumfundisha kulima, tena mbele ya watu, tena kwa upole. Angemtukana, angejua la kumjibu.

Maharage yalikuwa yanakaribia kuchanua pale habari ilipofika kwamba mama yake Saru ni mgonjwa sana, huko kwao, mbali. Mumewe alikuwa kwenye kazi ya mjini. Saru alifunga nguo zake, akapanda kwa Mkamburi. Kati ya majirani wote alimchagua yeye, kwa sababu ndiye wa karibu na ndiye mkubwa. Alimwomba amwangalizie shamba. Hakuna kazi nyingi, alisema, kama mbuzi wakiingia awafukuze, na wale wadudu awaache tu. Mkamburi akamwambia aende kwa amani, shamba lina mwenyewe.

Siku tatu alitimiza neno lake. Alifukuza mbuzi. Alipita ukingoni, akatazama, akarudi. Siku ya nne alipita katikati, na maharage yakamgusa gauni mpaka kiunoni, mazito, yenye vitumba kila kiungo. Alipanda juu akatazama yake. Nayo yalikuwa mazuri. Mtu mwingine angesimama pale mpakani asione tofauti. Yeye aliiona.

Siku ya tano alichukua bomba lake, akachanganya dawa, akalitia mgongoni, akashuka. Alikuwa na maneno tayari kichwani, na njia nzima aliyapanga upya. Kwamba vidukari walizidi. Kwamba aliogopa Saru asikute kitu. Kwamba alitoa dawa yake mwenyewe. Maneno yalikuwa mazuri kiasi kwamba kufikia mstari wa pili alikuwa karibu ayaamini. Alinyunyiza mstari kwa mstari, akielekeza mdomo wa bomba chini ya majani, kule alikojua kwamba ndiko wanakokaa. Wekundu walidondoka kwanza. Mabuu yalijikunja, yakaning'inia, yakaanguka. Alipomaliza alisimama mwisho wa shamba akapumua. Hapakuwa na kitu kinachotembea. Dawa ilimwishia kabla hajafika kwenye utepe wa chini kabisa, ule wa kando ya mfereji, akaona haina haja ya kuongeza.

Kwa juma zima shamba la Saru lilionekana kama lilivyokuwa. Mkamburi alilala vizuri, akala vizuri. Mumewe alifurahi kwamba kichwa kimepona.

Kisha vidukari wakarudi. Walikuja wachache wenye mabawa, kutoka kusikojulikana, wakatua kwenye ncha changa wakaanza kuzaa. Hapakuwa tena na wa kuwala. Kwa siku kumi mashina ya Saru yalikuwa meusi kama yaliyopakwa masizi, na majani yakanata utomvu. Mkamburi alitazama kutoka juu, na nitasema ukweli wa moyo wake: siku za kwanza hakusikitika.

Siku ya kumi na moja aliwakuta kwenye shamba lake.

Alipiga majivu. Alipiga dawa, mara moja, mara mbili, akampa mumewe bomba apige mara ya tatu. Kila walipokufa mia, elfu walizaliwa. Vitumba vilianguka kabla ya kufunguka. Siku moja alikuwa ameinama kwenye mstari wa mwisho, ule unaopakana na Saru, vidole vyeusi kwa kuwaponda wadudu, ndipo alipogundua kwamba tangu asubuhi anatafuta kitu bila kujijua. Alikuwa akitafuta mdudu mwekundu. Akakumbuka wale aliokuwa akiwapangusa kwenye gauni. Akahesabu misimu, akaona kwamba ile miwili ambayo mkono wake ulizidi kukomaa ndiyo miwili ya kwanza tangu Saru ahamie. Wadudu wa Saru walikuwa wakipanda mlima kila asubuhi kuja kulinda shamba lake, na hakuna aliyewatuma.

Aliketi kwenye udongo. Ungedhani hapo wivu ungeisha. Haukuisha. Uligeuka upande tu, ukamwambia: kumbe hata mavuno yako yalikuwa yake.

Saru alirudi baada ya majuma matano, kichwa kimenyolewa. Mama yake alikuwa amefariki. Mkamburi alimwona akipita njiani na mzigo wake, akaingia ndani kupanga yale maneno. Kutoka dirishani alimwona akiingia shambani, akisimama, akipita mistari polepole. Alimwona akichuchumaa na kuokota kitu chini ya mashina, akikiweka kwenye kiganja, akikitazama muda mrefu. Hakuhitaji kuwa karibu kujua kwamba ni maganda mekundu. Kisha Saru alishuka mpaka kwenye utepe wa mfereji, akapiga magoti kwenye majani, akabaki huko mpaka jua likageuka.

Alipobisha hodi, Mkamburi alifungua akiwa tayari. Alikuwa na pole ya msiba mdomoni, na nyuma ya pole kulikuwa na vidukari waliozidi, hofu, na dawa aliyoitoa mwenyewe. Saru alikuwa ameshika bakuli la udongo. Ndani yake kulikuwa na majani manne ya porini, na chini ya kila jani kulikuwa na mayai madogo ya manjano, yamesimama wima, yamesongamana kama punje za mtama. Alimnyooshea bakuli kwa mikono miwili.

"Najua ni wewe, mama," alisema. "Nimepata majani manane tu. Hii nusu ni yako. Yaweke kwenye maharage leo."

Hakungoja jibu. Hakuwa na sura ya hasira, wala ya kusamehe. Alikuwa mtu aliyechoka, aliyetoka kuzika mama yake na mwenye kazi mbele yake. Aligeuka akashuka.

Mkamburi alibaki mlangoni na bakuli. Yale maneno aliyoyapanga majuma manne hayakuwa na pa kwenda. Kama Saru angepiga kelele, kama angemwita mchawi mbele ya kijiji, angeweza kukana, kulia, kutafuta mashahidi. Huu ulikuwa mzigo mwingine. Maisha yake yote yeye ndiye aliyepima, wengine ndio waliopokea. Sasa aliye juu ya kigoda ni Saru, na kilichokuwa mikononi mwa Mkamburi ni kikapu.

Hakuyatupa. Hilo lazima lisemwe. Alijiambia kwamba atayapeleka shambani kukitulia, watu wakishapita njiani, asionekane. Aliliweka bakuli rafuni, akalifunika kwa sahani asiyaone. Jioni alisema kesho. Kesho ilikuwa na mvua. Siku iliyofuata Saru alikuwa shambani mwake tangu asubuhi, na Mkamburi hakutaka kuinama mbele ya macho yake. Siku ya nne alisikia aibu kwamba amechelewa, na aibu ile ikamchelewesha siku tatu zaidi.

Siku ya nane mumewe alitoka kutazama maharage, akarudi akasema kwamba upande wa Saru mabuu yameanza kuonekana, machache, ila yapo. Mkamburi alikwenda rafuni akafunua sahani.

Majani yalikuwa yamekauka na kujikunja. Mayai yalikuwa yameanguliwa, yamebaki maganda meupe. Mle ndani mlikuwa na buu moja, jeusi, lenye miiba, limenona. Kando yake palikuwa na vipande vidogo vya mabuu mengine, kichwa hapa, miguu pale. Yalizaliwa yote kama Saru alivyoahidi, yakatafuta chakula, na bakulini hamkuwa na chakula isipokuwa wao kwa wao.

Alilitazama muda mrefu. Kisha alitoka nalo nje mchana, njia ina watu, akashuka mpaka mstari wa mwisho. Saru alikuwa upande wa pili, akainua uso. Mkamburi aliinama mbele ya macho yake, akatafuta ncha iliyokuwa bado hai, akaliweka lile buu moja juu yake.

Moja halikutosha. Vidukari wa shamba la Mkamburi waliendelea kushuka kwenye shamba la Saru, na nusu ya Saru nayo haikutosha kuwazuia. Msimu ule Mkamburi hakupata hata mbegu. Saru alipata kidogo, hakula hata punje, akawagawia wanawake vijiko badala ya vikombe, ili kila nyumba iwe na cha kuanzia. Mkamburi naye alikwenda, akasimama wa mwisho, akapiga goti, akapokea kijiko chake. Ilichukua miaka mitano mbegu ile kurudi kujaza magunia, na katika miaka hiyo zilikuwapo nyumba ambazo watoto walilala bila kushiba, nao hawakujua sababu.

Nanyi mlioketi hapa mnanisikiliza, kila mmoja wenu amewahi kupewa nusu na mtu ambaye yeye mwenyewe alimwonea kijicho: bakuli lako umeliweka wapi?